Ndoo Inayojimwaga Yenyewe: Historia ya Mkupuo wa Maji Kwenye Tangi la Samaki



Hakuna asiyejua kuhamisha mafuta ya taa kutoka dumu moja kwenda jingine kwa mpira. Unazamisha ncha moja, unanyonya ncha ya pili, unaishusha chini, na mafuta yanatoka yenyewe mpaka dumu la juu liishe. Yanapanda kwanza, yanavuka mdomo wa dumu, kisha ndiyo yanashuka. Mtoto wa darasa la pili anaweza. Jambo hilo dogo ndilo limebeba historia ninayotaka kukueleza leo, na ndilo litakaloamua kama utalipa laki kadhaa kwa kifaa cha kutikisa maji ya samaki au utakitengeneza mwenyewe kwa ndoo na vipande vya bomba.

Nasema hivyo kwa sababu siku hizi wapo watu wanaopita vijijini wakiuza mifumo ya samaki na mboga iliyofungwa tayari, yenye saa ya umeme ya kuwasha na kuzima pampu. Siwaiti matapeli. Mifumo yao mingi inafanya kazi. Ila ile saa ya umeme mara nyingi haihitajiki, na ikiharibika saa tisa usiku samaki hawakusubiri mpaka fundi aje. Kazi ile ile inafanywa na bomba lisilo na waya, na limekuwa likiifanya kwa takriban miaka elfu mbili.

Tuite kazi hiyo mkupuo. Maji yanaingia kidogo kidogo kwenye chombo cha juu, yanajaa taratibu, kisha yanamwagika yote kwa mara moja. Chombo kinabaki karibu kitupu, kinaanza kujaa tena, kinamwagika tena. Hakuna anayekigusa.

Mgiriki mmoja aliyeishi Aleksandria, Misri, karne ya 1, aliyeitwa Hero, aliandika kitabu juu ya vifaa vinavyotumia hewa na maji. Mwanzoni kabisa mwa kitabu anaeleza bomba lililokunjwa, yaani mpira wako wa mafuta ya taa. Muda si mrefu baadaye anaeleza aina ya pili: bomba lililosimama wima ndani ya chombo, limefunikwa kwa bomba jingine pana lililozibwa juu kama kikombe kilichopinduliwa. Maji yanapanda kati ya mabomba hayo mawili, yanafika mdomo wa bomba la ndani, yanatumbukia, na tangu hapo yanavutana yenyewe kwa yenyewe mpaka chombo kishuke hadi ukingo wa kile kikombe. Hewa ikiingia, mvuto unakatika. Kumbuka umbo hili la kikombe kilichopinduliwa, maana tutakutana nalo tena kwenye ndoo yako.

Kwa nini maji yanakubali kupanda? Maji ya upande wa kushuka ni mengi na mazito kuliko ya upande wa kupanda. Yakianguka yanataka kuacha nafasi tupu nyuma yake, na hewa ya dunia inayokandamiza uso wa maji kwenye chombo haikubali nafasi hiyo ibaki, inayasukuma mengine yafuate. Ndiyo maana tundu dogo tu la hewa kwenye kona ya bomba linaua mvuto wote. Ukikumbuka hilo umeshajua nusu ya ufundi.

Karne ya 9, mjini Baghdad, ndugu watatu walioitwa Banu Musa waliandika kitabu cha vifaa vya maji kiitwacho Kitab al-Hiyal. Neno hilo la mwisho unalijua, ni hila yetu hii hii tuliyoipata kutoka Kiarabu. Humo mna vyombo vingi vinavyojimwaga, vinavyokataa kujaa, vinavyotoa maji kwa zamu, na vingi vinategemea bomba la Hero. Mwaka 1206 al-Jazari naye alimaliza kitabu chake cha mashine, na ndani yake mna ndoo inayoning'inia kwenye mhimili, ikijaa upande mmoja inapinduka yenyewe, ikimwaga inarudi. Nayo tutakutana nayo tena, huko Marekani.

Sasa, vifaa vingi vya wazee hao vilikuwa vya kupamba meza za watawala. Walioubebesha mkupuo kazi nzito ni watu wa maji taka. Uingereza ya karne ya 19, mhandisi Rogers Field aliona kwamba maji kidogo yanayotiririka kwenye bomba la maji machafu hayawezi kusukuma uchafu. Yanaupitia juu tu. Lakini maji yale yale, ukiyakusanya kwanza kisha ukayaachia kwa kishindo, yanabeba kila kitu. Akatengeneza tangi lenye bomba la kikombe ndani yake, likajaa polepole na kujimwaga lenyewe. Mwaka 1880 mji wa Memphis, Marekani, ulipojenga mfumo mpya wa maji taka, George Waring alifunga matangi ya Field kwenye vichwa vya mabomba ili yasafishwe kila siku. Mji huo ulikuwa umetoka kupoteza maelfu ya watu kwa homa ya manjano mwaka 1878. Waring aliamini ugonjwa unatokana na hewa chafu ya mitaro. Leo tunajua mwenye kosa alikuwa mbu. Mabomba yalisafishika vizuri, ila sababu aliyoitoa haikuwa yenyewe. Mambo kama hayo hutokea hata kwenye kilimo: dawa inafanya kazi, maelezo yanakuwa ya uongo.

Nikiwa hapo kwenye kukusanya na kuachia, usidhani jambo hili ni la kigeni. Upare, hasa Same, wazee walichimba mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Maji ya mfereji ni machache, ukiyaelekeza shambani moja kwa moja yanazama njiani kabla hayajafika. Wakayalaza kwenye ndiva usiku kucha, asubuhi wanafungua na maji yanakwenda kwa nguvu mpaka shamba la mwisho, kwa zamu. Mwaka 1979 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, Marekani, walitangaza umwagiliaji wa mifereji kwa mikupuo, maji yanaachiwa, yanasimamishwa, yanaachiwa tena, nayo yanafika mbali zaidi kwa sababu udongo uliokwisha kulowa unakunywa polepole. Mpare hakuhitaji kusubiri mwaka 1979.

Tuje kwenye samaki.

Kufuga viumbe vya bahari ndani ya nyumba kulianza kwa shida ya hewa. Mwaka 1846 mama mmoja Mwingereza, Anna Thynne, alichukua matumbawe hai kutoka ufukwe wa Torquay akaenda nayo London. Maji ya bahari hayakupatikana London kwa ndoo, kwa hiyo aliyatumia yale yale. Ili yasife, aliagiza mfanyakazi wa nyumbani ayamimine kutoka chombo kimoja kwenda kingine mbele ya dirisha lililo wazi, huku na huku, kwa nusu saa au zaidi. Baadaye akaongeza mwani. Matumbawe yake yaliishi miaka karibu mitatu. Sifa zimekwenda kwa mama huyo, na anastahili, lakini mimi humkumbuka yule mfanyakazi aliyemimina. Yeye ndiye aliyekuwa pampu, na jina lake halipo kwenye historia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. London Zoo ilifungua nyumba ya samaki mwaka 1853, mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilicholifanya neno akwariamu lienee. Umeme ulipofika, pampu za hewa zikachukua kazi ya kumimina. Samaki wengi waliridhika. Matumbawe hayakuridhika.

Tumbawe halitembei. Limekaa pale pale, linasubiri maji yalilete chakula na hewa na kuondoa uchafu wake. Maji yakituama, juu ya ngozi yake panakaa utando mwembamba wa maji yaliyochoka, na kiumbe kinajisonga chenyewe. Baharini mawimbi yanauvunja utando huo kila baada ya sekunde chache, yakija na kurudi. Nimesema kuja na kurudi, na hilo ndilo pampu ya kawaida haiwezi. Pampu inapiga upande mmoja tu mchana na usiku. Upande unaopigwa unachubuka, upande wa nyuma unajaa vumbi.

Mwaka 1980, kwenye jumba la makumbusho ya viumbe la Smithsonian mjini Washington, Walter Adey alionyesha kipande cha mwamba wa matumbawe kikiishi ndani ya tangi. Mawimbi yake yalitoka kwenye ndoo inayopinduka. Ikijaa inalala, inamwaga, inarudi. Ni ndoo ya al-Jazari hasa. Tatizo la ndoo ya kupinduka ni mhimili: unalika, unapiga kelele, maji ya chumvi yanautafuna.

Aliyeuondoa mhimili kwenye tangi la matumbawe alikuwa Bruce Carlson wa Waikiki Aquarium, Honolulu, taasisi iliyofunguliwa mwaka 1904 na ambayo yeye aliiongoza miaka ya 1990. Aliweka pipa juu ya tangi. Pampu ndogo inalijaza polepole. Ndani ya pipa mna bomba lililokunjwa kama kiwiko cha mtu aliyeinua mkono, linashuka mpaka kwenye tangi la matumbawe. Maji yakifika juu ya mkunjo yanavuka, yanaisukuma hewa nje, na pipa zima linashuka kwa kishindo. Kisha kimya, linajaa tena. Hakuna kinachozunguka wala kinachosuguana. Wafugaji wa matumbawe duniani wamekiita kifaa hicho kwa jina la Carlson hadi leo, na wengi wametengeneza chao kwa pipa la plastiki na bomba la dukani. Kwangu mimi huo ndio ustadi wa Carlson. Kanuni ilikuwa ya Hero, ila yeye aliiweka kwenye vitu ambavyo mtu yeyote anaweza kununua.

Na ni huko huko Hawaii, mwaka 2010, ambako idara ya ugani ya Chuo Kikuu cha Hawaii ilichapisha mwongozo wa kutengeneza bomba la kikombe kwa wanaofuga samaki na mboga nyumbani. Wenzangu wa kazi hao! Hapo maji ya samaki yanapandishwa kwenye kitanda cha kokoto chenye mboga, yanajaa, mizizi inakunywa, kisha kitanda kinajimwaga na hewa inaingia kwenye mizizi. Zamu hiyo ya maji na hewa ndiyo inayofanya mchicha ukue bila udongo. Saa ya umeme ninayokuambia usiikimbilie inaiga kazi hiyo.

Unaweza kuniuliza, haya ya matumbawe yananihusu nini mimi mwenye perege? Samaki wa Ziwa Tanganyika wanaopelekwa Ulaya kwa mapambo, ambao Mbelgiji Pierre Brichard aliwatangaza sana kutokea Bujumbura, baadhi yao wanaishi kwenye mawe ya ufukweni pale pale mawimbi yanapopigia. Kuna jamii yao inayoitwa Eretmodus ambayo kibofu chake cha hewa kimepungua mpaka samaki haelei vizuri, anarukaruka juu ya mawe ili asichukuliwe na maji. Ukimweka kwenye tangi lililotulia anadhoofika. Na sato wako wa kawaida, au kambale unaowauza wakiwa hai kwenye nusu pipa gulioni, hawahitaji wimbi, ila wanahitaji hewa. Ukiwaona alfajiri midomo iko juu wanahema, ni hewa imekwisha usiku. Maji yanayoanguka kwa mkupuo yanaingia na mapovu mengi mpaka chini, kuliko maji yanayochuruzika.

Basi tutengeneze kidogo. Chukua ndoo ya lita 20. Toboa katikati ya kitako, funga kiungio cha tangi chenye nati na mpira pande zote mbili, ili kisivuje. Kwa ndani simamisha bomba la robo tatu, urefu wa sentimita 25 hivi. Hilo ndilo litakaloamua maji yajae mpaka wapi. Kwa nje, chini ya kitako, shusha bomba la ukubwa huo huo kuelekea kwenye tangi la samaki, na mwishoni funga elbo mbili ili maji yageuke kidogo kabla ya kutoka. Mgeuko huo unazuia hewa isirudi juu na unasaidia mvuto kuanza.

Sasa kikombe cha Hero. Kata bomba la inchi 2, lizibe juu kwa kofia na gundi, hakikisha hakuna tundu hata la sindano. Upande wa chini likate meno ya sentimita 2 au 3. Livike juu ya bomba lililosimama, likae kwenye kitako cha ndoo, na juu pabaki nafasi ya vidole viwili kati ya kofia na mdomo wa bomba la ndani. Umemaliza. Maji yakishuka mpaka kwenye meno, hewa inaingia na mvuto unakatika.

Kazi iliyobaki ni kuipata kasi ya maji yanayoingia, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa bure. Yakiingia taratibu mno, yanavuka mdomo wa bomba kama maji ya bati na kuchuruzika siku nzima, mvuto hauanzi. Yakiingia kwa kasi mno, mvuto unaanza lakini haukatiki, yanayoingia ni sawa na yanayotoka. Weka koki. Anza na kasi ya kujaza ndoo kwa dakika 3 au 4, kisha ongeza au punguza kidogo kidogo. Mkupuo mzuri wa ndoo hiyo unaisha ndani ya nusu dakika, na mwisho wake utasikia sauti ya kugugumia kama mtu anayemaliza uji kwa mrija. Sauti hiyo ni dalili njema, ingawa mke au mume anayelala chumba hicho hatakubaliana nami.

Kabla hujawasha, pima nafasi. Lita 15 zikianguka mara moja kwenye tangi la kioo lenye upana wa sentimita 30 na urefu wa 60, maji yanapanda zaidi ya sentimita 8. Kwa hiyo usijaze tangi mpaka ukingoni. Weka alama ya juu kabisa wakati ndoo ikiwa tupu, maana umeme ukikatika ndoo inaweza kumwaga mara ya mwisho na maji hayo lazima yapate pa kukaa. Pampu nayo izame chini ya alama ya maji yakiwa yamepungua, isije ikafanya kazi kavu. Ndoo iliyojaa ina kilo 20, usiitundike kwenye msumari wa ukuta wa tope, ijengee kichanja. Na maji yanaporuka, nyaya na soketi ziwe mbali na juu. Kama ni maji ya chumvi, mara mbili ya tahadhari hiyo.

Jambo moja nikuambie wazi: ndoo hii haitengenezi nguvu. Pampu inayopandisha maji bado inahitaji umeme au sola, na ikizima, mkupuo unazima nayo. Ila kinachohitajika ni pampu ndogo inayojaza taratibu, si kubwa ya kusukuma wimbi.

Na wewe unayeishi mlimani, ambako mfongo au chemchemi inapita juu ya bwawa lako, huhitaji hata hiyo pampu. Elekeza mpira mwembamba wa maji kwenye pipa la lita 200 lililo juu ya bwawa, tumia bomba la inchi moja na nusu badala ya robo tatu na kikombe cha inchi 3, na uruhusu maji yaingie kwa kasi zaidi, maana bomba nene linataka maji mengi ili mvuto uanze. Kabla ya mpira kuingia kwenye pipa, funga kichujio cha neti, kwa sababu jani moja likikwama kwenye meno ya kikombe utakuta asubuhi pipa linafurika na bwawa halijapata kitu. Kikague kila Jumamosi, hasa msimu wa masika.